Kurudia KCSE kwa Ajili ya Shahada ya Biashara: Hesabu ya Kitale na Bungoma

Watahiniwa 962,512 walifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, mwaka 2024. Matokeo yalipotangazwa tarehe 9 Januari 2025, waliopata gredi ya wastani ya C+ au zaidi, yaani gredi ya kumwezesha mtu kuomba nafasi ya shahada, walikuwa 246,391. Hiyo ni takriban robo. Katika nyumba za wale wengine, kuanzia Kiminini na Kwanza upande wa Trans Nzoia hadi Chwele na Kimilili upande wa Bungoma, mjadala ulianza usiku uleule: arudie, au ashike kilichopatikana na kusonga mbele?

Nataka kulichambua swali hilo kwa ajili ya kijana wa aina moja tu, yule anayetaka kusomea biashara: uhasibu, masoko, ununuzi na ugavi, usimamizi. Kenya haina mtihani maalumu wa kuingilia shahada ya kwanza ya biashara. KCSE ndiyo mlango, na ufunguo wake ni gredi ya wastani pamoja na alama za masomo machache, hisabati ikiwa mbele. Kwa hiyo kurudia KCSE ndiko kurudia mtihani wa kuingilia chuo cha biashara, tofauti ikiwa kwamba mtihani huu hufanywa mara moja kwa mwaka na hudai masomo saba yote upya.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime anaposoma. Wengi wanaorudia hawakupaswa kurudia, na wachache ambao kweli walipaswa kurudia huambiwa na jamaa zao kwamba wamechelewa. Makundi haya mawili huchanganywa kwa sababu watu huitazama gredi moja iliyoandikwa chini ya hati ya matokeo na kuziacha alama zilizo juu yake.

Tuanze na hati yenyewe. Kila somo lina pointi: A ni 12, A- ni 11, na kushuka hivyo hadi E yenye pointi 1. Masomo saba yakijumlishwa, jumla ya juu ni 84. C+ ni pointi 46 hadi 52, C ni 39 hadi 45, C- ni 32 hadi 38. Hapa ndipo mtu anapoanza kuona kwamba vijana wawili wenye C hawalingani. Mwenye pointi 45 alikosa pointi moja tu, yaani somo moja kupanda hatua moja. Mwenye pointi 39 alikosa saba, yaani kila somo lipande hatua moja, au masomo mawili yapande kwa kishindo. Gredi ni ileile, ila kazi iliyo mbele yao hailingani hata kidogo. Ajabu ni kwamba katika mijadala mingi ya familia hakuna anayetoa kalamu na kujumlisha.

Jambo la pili ni kanuni ya kujumlisha, ambayo ilibadilika. Mpaka mtihani wa 2022, gredi ya wastani ilihesabiwa kwa hisabati, Kiingereza, Kiswahili, sayansi mbili, somo moja la sanaa na jamii, na somo jingine moja. Kuanzia mtihani wa 2023, masomo ya lazima katika hesabu hiyo ni mawili tu: hisabati, na lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Matano yaliyobaki ni yale bora kati ya aliyoyafanya. Waliofanya mtihani kabla ya hapo hawakuhesabiwa upya.

Tuseme msichana wa Kiminini alifanya mtihani mwaka 2021, akapata alama hizi: hisabati D, Kiingereza C, Kiswahili B-, biolojia C, kemia D+, historia B-, elimu ya dini ya Kikristo B, na biashara C+. Kwa kanuni ya zamani, hisabati humpa 3, Kiingereza 6, Kiswahili 8, sayansi mbili 6 na 4, dini 9, na historia 8. Jumla ni 44. Hiyo ni C, na chuo kikuu kimemfungia mlango. Sasa chukua alama zilezile bila kubadilisha hata moja, uzipitishe katika kanuni mpya: hisabati 3, Kiswahili 8, halafu dini 9, historia 8, biashara 7, Kiingereza 6, biolojia 6. Jumla ni 47. Hiyo ni C+.

Msichana huyo hakuwa mjinga mwaka 2021 akageuka mwerevu baadaye. Kemia yake tu ndiyo imeacha kumvuta chini. Kwake kurudia mtihani kuna maana kubwa, kwa sababu hata akipata alama zilezile atafika palipokuwa pamemshinda. Katika kaunti hizi mbili wapo wengi wa namna yake, waliofanya mtihani kati ya 2016 na 2022. Mwaka 2016, baada ya ulinzi wa mitihani kukazwa, A zilizotolewa nchi nzima zilikuwa 141 tu, na waliofikisha C+ walikuwa 88,929. Vijana wa miaka hiyo sasa wana maduka ya M-Pesa, wanaendesha boda boda, wanauza pembejeo Webuye, na wengi hawajawahi kuambiwa kwamba hati yao ya zamani ingesomeka vingine chini ya kanuni ya leo. Ukiwa na hati ya miaka hiyo, kaa chini leo uihesabu upya.

Hata hivyo, C+ si shahada ya biashara. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa mara ya pili. KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, hutazama pia pointi za klasta, yaani masomo manne yanayohusiana na kozi, yenye jumla ya juu ya pointi 48. Kwa klasta ya biashara, masomo hayo ni lugha moja, hisabati, na mengine mawili. Juu ya hayo, vyuo huweka alama ya chini ya hisabati kwa kozi nyingi za biashara, na D haifiki. Yule msichana wa Kiminini ana Kiswahili 8, hisabati 3, dini 9 na historia 8, jumla 28 kati ya 48. Akipandisha hisabati kutoka D hadi C+, masomo yake manne yanakuwa 32 na jumla yake kubwa inapanda kutoka 47 hadi 51. Somo moja limefanya kazi mara tatu: limeinua wastani, limeinua klasta, na limeondoa kizuizi cha kozi. Hakuna somo jingine katika hati yake lenye nguvu hiyo. Anayerudia kwa ajili ya biashara na kutumia mwaka mzima kung'arisha historia amejichosha bure.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni moja: je, hisabati yangu inaweza kupanda? Jibu lisitokane na moyo, litokane na karatasi. Kila karatasi ya hisabati ya KCSE ina alama 100 kwa saa mbili na nusu. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50, na sehemu ya pili ina maswali manane ambayo mtahiniwa huchagua matano, kila moja alama 10. Kuna karatasi mbili za namna hiyo. Chukua karatasi za miaka mitatu iliyopita, ufunge mlango, uweke saa mezani, na ufanye zote bila majibu ya kuchungulia wala rafiki wa kuuliza. Mpe mwalimu asahihishe. Ukiona kwamba sehemu ya kwanza unaipata zaidi ya nusu ila muda unakuishia kwenye ya pili, una tatizo linaloweza kutibika kwa miezi michache ya mazoezi. Ukiona kwamba mada za kidato cha kwanza, kama vile sehemu, desimali, milinganyo na uwiano, ndizo zinazokushinda, basi unarudia miaka minne, na mwaka mmoja hautoshi. Jaribio hilo halina gharama yoyote zaidi ya karatasi na wikendi mbili, nalo linasema ukweli kuliko mshauri yeyote.

Swali la pili ni gumu zaidi kwa sababu linagusa nyumbani. Nini kilichokufanya upate alama uliyopata, na je, kimebadilika?

Katika ardhi ya mahindi ya Trans Nzoia na sehemu kubwa ya Bungoma, kalenda ya shamba na ya mtihani hugongana pande zote mbili. Watahiniwa huandikishwa katika miezi ya mwanzo ya mwaka, wakati ambao kila familia inatafuta fedha za kulima, mbegu, na mbolea. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku umekuwa ukiuzwa shilingi 2,500, na shamba la ekari chache huhitaji mifuko kadhaa. Serikali huwalipia ada ya mtihani wanafunzi wa shule wanaofanya KCSE kwa mara ya kwanza. Anayerudia na mtahiniwa binafsi hujilipia. Maana yake ni kwamba ada ya mtihani wa mtoto mmoja na mbolea ya chakula cha nyumba nzima hutoka mfuko mmoja, mwezi mmoja. Kisha Oktoba na Novemba, wakati wa karatasi za vitendo na za nadharia, ndio wakati wa kuvuna, kubeba, kupukuchua na kuanika. Mtahiniwa aliye bwenini ameepushwa na kazi hiyo. Mtahiniwa binafsi anayekaa nyumbani huonekana kama mtu asiye na kazi, na hutumwa shambani asubuhi akitarajiwa asome usiku.

Nasema haya bila kuwalaumu wazazi. Mahindi yakioza kwa mvua hakuna karo ya mtoto yeyote. Lakini familia inayoamua kwamba mtoto arudie lazima iamue pia, kwa sauti na mbele ya wote, saa zake za kusoma ni zipi na nani atafanya kazi zake. Bila makubaliano hayo, mwaka wa kurudia huwa ni mwaka wa kazi za nyumbani wenye mtihani mwishoni.

Kwa wasichana jambo hili ni zito zaidi. Yupo aliyefanya mtihani akiwa na ujauzito wa miezi saba, au akiwa amejifungua wiki chache kabla. Yupo aliyefiwa na mama mwezi wa Septemba. Alama ya mtu kama huyo inaeleza hali aliyokuwamo siku zile na haielezi uwezo wake. Hawa ndio ninaowahesabu kuwa na haki ya kwanza ya kurudia, hata kama hati inaonyesha C- au chini ya hapo, mradi alama zao za kidato cha tatu zilikuwa za mtu mwingine kabisa. Ndio pia wanaonyimwa nafasi hiyo mara nyingi, kwa hoja kwamba "ameshazaa". Sera ya taifa inamruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Kinachobaki ni bibi au shangazi wa kukaa na mtoto, na baba wa kutoa neno.

Upande wa pili yupo kijana ambaye alikuwa katika shule nzuri, akiwa na walimu wote, maabara na chakula, hakuugua wala hakufiwa, akapata C- ya pointi 33. Wazazi wanataka arudie katika shule yenye jina zaidi. Nini kitakachobadilika? Ada rasmi ya bweni katika shule nyingi za umma za ngazi ya kaunti imekuwa shilingi 40,535 kwa mwaka, na bado kuna sare, nauli, vitabu na matumizi. Kwa pesa hizo atapewa mafundisho yaleyale kwa mara ya pili. Pointi 13 za kufikia C+ hazipatikani kwa kubadilisha jina la shule kwenye shati.

Hapo panahitaji angalizo kuhusu shule zenyewe. Baadhi ya wakuu wa shule huwakaribisha kwa mikono miwili wanaorudia wakiwa na C+ au B-, kwa sababu watainua wastani wa shule, na huwakataa wenye C- kwa sababu hiyohiyo. Mzazi anapoona mwanawe mwenye C+ anabembelezwa arudie bila karo, ajue shule ina haja yake pia. Mtoto mwenye C+ na hisabati C tayari ana nafasi ya kuingia chuo kikuu mwaka huu. Kumrudisha kidato cha nne ili apate B na aingie chuo cha Nairobi badala ya Chuo Kikuu cha Kibabii au Masinde Muliro ni kumwondolea mwaka mmoja wa maisha kwa sababu ya jina. Kibabii kimekuwa chuo kikuu kamili tangu 2015, kina kitivo cha biashara na uchumi, na kiko mwendo mfupi kutoka mjini Bungoma, ambapo mwanafunzi anaweza kula kwa mama yake siku ya Jumapili. Waajiri huuliza jina la chuo, sikatai. Ila huuliza pia kama una CPA, yaani cheti cha uhasibu, na huo mtihani ni mmoja kwa wote, usomee Nairobi au Bungoma.

Anayefanya kama mtahiniwa binafsi ana matatizo yake. Huandikishwa katika kituo maalumu kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na hana mwalimu wa kumkumbusha tarehe. Ili apate gredi ya wastani lazima afanye masomo saba au zaidi katika mtihani huohuo, sayansi mbili zikiwamo. Akirudia hisabati peke yake atapewa cheti chenye hisabati peke yake, bila gredi ya wastani. KNEC, baraza la mitihani la taifa, haiunganishi alama za mwaka huu na za mwaka uliopita. Hilo wengi hawalijui mpaka cheti kinapotoka. Sayansi nazo zina karatasi ya vitendo, na bila maabara ya kufanyia mazoezi mtu huingia akiwa hajashika pipeti kwa miaka miwili. Na vitabu vya fasihi hubadilishwa: aliyesoma Chozi la Heri na Kigogo atakuta Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha, aanze upya ukurasa wa kwanza.

Kuna pia wezi. Kila mwaka, kuanzia Septemba, hujitokeza watu kwenye Telegram na WhatsApp wakidai wana karatasi za mtihani. Wanaorudia ndio wateja wanaowindwa zaidi, kwa kuwa wana hofu na wengine wana pesa kidogo za vibarua. Karatasi nyingi ni za uongo, na mtu akikutwa na nyenzo hizo matokeo yake hufutwa. Sina la kuongeza hapo.

Kabla ya yote hayo, aliyeona alama ambayo haiingiliki akilini, kwa mfano somo lililokuwa B miaka yote likatoka E, anaweza kuulizia kwa KNEC kupitia mkuu wa shule ndani ya muda uliowekwa baada ya matokeo kutoka. Wakati mwingine kosa ni la kuandika. Asisubiri hadi Machi.

Sasa tuhesabu miaka, kwa sababu hapa ndipo hoja kubwa ya kurudia inapopungua nguvu.

Anayerudia kwa mafanikio hutumia mwaka mmoja wa mtihani, kisha miaka minne ya shahada. Jumla ni mitano. Mwenye C- au zaidi anaweza kuingia diploma ya biashara moja kwa moja katika chuo kama Kitale National Polytechnic, Sang'alo upande wa Bungoma, au Matili karibu na Kimilili, kwa miaka miwili hadi mitatu. Akifaulu vizuri, vyuo vikuu kadhaa humwingiza katika mwaka wa pili wa shahada. Jumla ni miaka mitano hadi sita. Tofauti kati ya njia mbili ni mwaka mmoja au chini ya hapo. Lakini wa diploma, hata akisimama katikati kwa kukosa karo, ana cheti kinachomwajiri kama karani wa hesabu au mtunza ghala. Anayerudia akianguka ana hati mbili za KCSE na mwaka mmoja zaidi wa umri, na bado diploma ileile inamngoja.

Njia ya tatu hutajwa kidogo mno katika kaunti hizi. KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu iliyoanzishwa mwaka 1969, humkubali mwenye C- katika diploma ya mafundi wa uhasibu, ile inayoitwa ATD. Akiimaliza anaruhusiwa kuingia CPA, ambayo vinginevyo ingemdai C+. Mitihani ya KASNEB hufanywa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na mtu akianguka karatasi moja huirudia hiyo moja. Linganisha na KCSE, ambayo ukikosa pointi moja hurudia masomo saba na kungoja miezi kumi na miwili. Kwa kijana ambaye anachotaka hasa ni kuwa mhasibu, si kuvaa joho, sioni sababu ya kurudi kidato cha nne.

Haki ya upande wa pili lazima itolewe kikamilifu, kwani ipo. Fedha. KUCCPS hupanga wanafunzi wa shahada kwa matokeo ya KCSE, na tangu 2023 waliopangwa hivyo huomba ufadhili na mkopo kulingana na uwezo wa familia. Mfumo huo umepingwa mahakamani na una dosari zake, lakini kwa mtoto wa kibarua wa shamba la Cherang'any ni tofauti kati ya kusoma na kutosoma. Anayepanda kutoka diploma hadi shahada kwa kawaida hujilipia. Kwa hiyo mwaka mmoja wa kurudia, ukifaulu, unaweza kuokoa karo ya miaka mitatu. Kwa familia maskini yenye mtoto aliyekosa pointi moja au mbili, hesabu hii inashinda zile nyingine zote, nami ningewaambia wamrudishe. Kwa familia hiyohiyo yenye mtoto aliyekosa pointi kumi, hesabu inageuka, kwa sababu uwezekano wa kufaulu ni mdogo na mwaka wenyewe unagharimu.

Wapo pia wasomaji wa makala haya walio na shahada tayari, wanaofanya kazi benki au kaunti, na wanaojiuliza kuhusu mtihani mwingine, ule wa GMAT wa kuingilia shahada ya uzamili ya biashara nje ya nchi. Kwao jibu ni jepesi. GMAT ya sasa hutoa alama kati ya 205 na 805, inaweza kurudiwa baada ya siku 16, hadi mara tano ndani ya miezi 12, alama zake hudumu miaka mitano, na mtahiniwa huona alama yake kabla ya kuamua itumwe chuo gani. Mtihani wa namna hiyo ni wa kurudia kama alama ya kwanza iko chini ya zile ulizokuwa ukipata katika mazoezi. Kama ililingana na mazoezi, kurudia bila kusoma zaidi kutakuletea kupanda au kushuka kidogo kwa bahati tu. Na anayetaka kusomea uzamili wa biashara Kibabii, Masinde Muliro au Moi atazame kwanza masharti ya kozi, kwa sababu kinachoangaliwa hapo zaidi ni daraja la shahada ya kwanza, si GMAT.

Nimeichukua GMAT kama mfano kwa sababu moja. Inaonyesha kwamba uamuzi wa kurudia hutegemea sana bei ya kurudia. Pale bei ni ada na siku 16, mtu anaweza kujaribu kwa matumaini tu. Bei ya KCSE ni mwaka mzima wa kijana na sehemu ya mavuno ya familia, kwa hiyo matumaini peke yake hayatoshi.

Limebaki jambo la wakati, na hili ndilo linalonifanya niandike sasa. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ambao KCSE ni mtihani wake, unafungwa. Wanafunzi wa mwisho, waliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, waliingia kidato cha kwanza Januari 2024, na watafanya KCSE mwaka 2027. Nyuma yao hakuna kidato cha nne, kwa kuwa wadogo zao wako katika mtaala wa umilisi, na wa kwanza wao waliingia gredi ya 10 Januari 2026. Anayesema "nitarudia nikipata pesa" ajue kwamba shule, walimu wa mtaala huo, vitabu vyake na wanafunzi wenzake wa kujadiliana nao watakuwa wametawanyika baada ya mwaka huo.

Kwa hiyo, kama una pointi 43 hadi 45, au hati yako ni ya kabla ya 2023 na kwa kanuni mpya inafika 46, au ulifanya mtihani ukiwa mgonjwa, mjamzito au na msiba, na karatasi za hisabati ulizojipima nazo zinaonyesha nusu au zaidi, jiandikishe katika msimu unaofuata wa kuandikisha na usiuache upite. Kama una C- au C ya chini na hakuna kilichobadilika, peleka hati yako Kitale National Polytechnic, Sang'alo au Matili, au ujiandikishe KASNEB. Vyuo vya ufundi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba, na huhitaji kungoja mtihani wowote ili uanze.